Chili ya Johnny Cash na samaki wa Vincent Price, vyote kwa jiko la kawaida

Wapenzi wa Columbo mpo, ule mfululizo wa zamani wa upelelezi kwenye TV? Yule luteni wa polisi mwenye koti la mvua lililojikunja na Pijo 403 yake bovu, anayejifanya hajui kitu mpaka muuaji anajisahau. Basi Peter Falk, mwigizaji wake, humo ndani kila akipata nafasi ya kukaa mgahawani anaagiza bakuli la chili, anavunjavunja biskuti za chumvi juu, anakula huku anawaza nani kaua. Mwaka 1974 akaja Johnny Cash, ndiyo, Cash mwenyewe, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, akaigiza mwimbaji wa injili aliyeiacha ndege yake ndogo ianguke na mke wake ndani, yeye akaruka na parachuti. Kinachonichekesha ni kwamba hawa wawili wangekaa meza moja wangeagiza kitu kilekile, maana Cash nyumbani kwake alikuwa mtu wa chili haswa, anapika sufuria kubwa la chuma la kulisha ukoo mzima.

Tuanze na hiyo. Chili usiiogope jina, ni maharage mekundu na nyama kwenye rosti nzito ya nyanya, basi. Tofauti ni kwamba Cash alitumia steki ya kukatakata, sio nyama ya kusaga, na mimi hapo niko upande wake, ya kusaga inageuka uji.

Kwa watu sita chukua steki kilo 1, maharage mekundu nusu kilo, nyanya kubwa 8 zilizoiva, nyanya ya paketi vijiko viwili vya chakula, vitunguu maji 3, kitunguu swaumu kizima kimoja, binzari nyembamba ya unga vijiko viwili vya chai, paprika vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi na mafuta.

Halafu pilipili, na hapa ndo watu wanaungua. Ukisoma resipi za Wamarekani utaona pilipili ya unga vijiko vitatu vinne, ukafuata hivyohivyo na pilipili yetu ya sokoni utaita majirani. Ile yao ni mchanganyiko, ina pilipili isiyo kali sana pamoja na binzari nyembamba, kitunguu swaumu na oregano. Ya kwetu ni pilipili tupu. Weka robo kijiko cha chai, onja, utaongeza baadaye.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo bila kupunguza moto (haya mekundu yakiwa mabichi yana sumu inayovuruga tumbo vibaya, moto mdogo peke yake hauiondoi), ndo upunguze yaendelee mpaka yaive kabisa. Nasema KABISA. Mimi mara ya kwanza nilijifanya mjanja, nikayatumbukiza kwenye nyanya yakiwa nusu mabichi nikijua yatamalizikia humo, ikafika saa nne usiku gesi inaelekea kuisha wageni wanapiga miayo na maharage bado yanagonga meno kama kokoto. Nyanya ina uchachu, na uchachu unafanya maharage yagome kulainika, nimejua baada ya aibu.

Nyama ikate vipande vidogo, mara mbili ya dadu ya ludo hivi. Ikaange kidogokidogo kwenye mafuta ya moto, usiijaze yote mara moja maana itatoa maji ichemke badala ya kupata rangi. Itoe, kaanga vitunguu humohumo mpaka vianze kuwa kahawia, tia swaumu na viungo vyote, koroga nusu dakika tu visiungue, kisha nyanya mbichi na ya paketi. Zikishapondeka rudisha nyama, weka maji vikombe viwili, funika, moto mdogo dakika 40 au zaidi kama ng'ombe alikuwa mzee. Mwisho maharage, sukari, chumvi, iachie dakika 20 nyingine bila kufunika mpaka ukiburuza mwiko njia ibaki inaonekana kidogo ndo ijifunge. Cash aliila na biskuti za chumvi na Pepsi au Coke pembeni. Mimi nakula na wali pia, simwombi mtu ruhusa. Kesho yake ni tamu zaidi.

Sasa Vincent Price, yule mwigizaji wa filamu za kutisha. Huyu alitokea Columbo mwaka 1973, bosi wa kampuni ya vipodozi, na safari hii hakuua mtu, ambayo kwa sura ile na sauti ile ni ajabu. Mapishi yalikuwa damuni, babu yake ndo alitajirika kwa kutengeneza beking pauda, na mwaka 1965 yeye na mke wake Mary walitoa kitabu kikubwa cha mapishi ya migahawa waliyoizunguka duniani. Ila watu wanamkumbuka zaidi kwa kile kituko cha 1975, alienda kwenye shoo ya TV ya mtangazaji Johnny Carson akapika samaki ndani ya mashine ya kuoshea vyombo!

Sio uchawi, ni mvuke tu. Wewe tumia sufuria. Sato mmoja wa nusu kilo, msafishe, mkate mikato mitatu kila upande, mpake chumvi, pilipili manga na siagi, tumboni weka vipande vya limao. Mfunge kwenye foili mara mbili, mikunjo iangalie juu, maana ukifunga mara moja maji yanaingia unapata supu. Weka kibakuli cha bati kilichopinduliwa ndani ya sufuria, maji yasifike juu yake, laza samaki hapo, funika, dakika 20 toka maji yachemke. Fungua kidogo uchokoe karibu na mgongo, nyama ikiachia mfupa kaiva.

Walio Ulaya au Muscat wenye mashine yenyewe, hiyo inataka minofu, sio samaki mzima, na programu ya joto kali kuliko zote mpaka mwisho wa kukausha, ile ya kubana umeme haifiki joto la kuivisha.

Foili uifungulie juu ya sahani, uso mbali na mvuke, ule mchuzi wa siagi na limao unaotoka wote umwage kwenye wali.