Ukoo unaishi, nyumbani pamekufa: jinsi ya kupima uhai wa matembezi nasibu yenye matawi

Chembe moja inaanzia kwenye sifuri ya mstari wa namba. Kila kizazi, chembe inazaa kisha yenyewe inatoweka. Kila mtoto anapiga hatua moja, kulia kwa uwezekano p au kushoto kwa uwezekano 1−p, bila kujali wenzake wameelekea wapi. Hayo ndiyo matembezi nasibu yenye matawi. Wengi huuliza: "Yataishi au yatakufa?" Hayo ni maswali mawili, nayo yasichanganywe. Je, ukoo utaendelea kuwapo? Na je, sifuri, yaani nyumbani, patazidi kutembelewa bila mwisho? Majibu yanaweza kupishana, na kwangu huo ndio utamu wote wa somo hili.

Tuchukue p = 0.8. Chembe inapata watoto 2 kwa uwezekano 0.6, au haipati kabisa kwa uwezekano 0.4. Wastani wa watoto, m, ni 1.2.

Hatua ya 1: Sahau mahali, hesabu ukoo

Kwa swali la kwanza, kulia na kushoto havina kazi. Uwezekano wa ukoo kuisha uite q. Ukoo unaisha ikiwa chembe ya kwanza haikuzaa, au ikiwa imezaa wawili na koo zao zote mbili zikaisha:

q = 0.4 + 0.6q²

Mlinganyo huu una majibu mawili, 2/3 na 1. Chukua lile dogo. Ukitaka kujiridhisha, anza na 0 upande wa kulia, kisha rudishia jibu ndani tena na tena: 0.4, halafu 0.496, halafu 0.5476. Namba hizo ni uwezekano wa kuwa ukoo umeshaisha kufikia kizazi cha 1, cha 2 na cha 3. Zinapanda kuelekea 2/3 na haziivuki kamwe. Basi ukoo una theluthi moja ya kuishi milele.

Usione aibu ukiteleza hapa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alipouliza mwaka 1873 kuhusu kutoweka kwa majina ya koo, mwanahisabati Henry William Watson alimjibu kwa njia hii hii, akaona 1 daima ni jibu, akahitimisha kwamba kila ukoo lazima uishe. Mwanatakwimu Mfaransa Bienaymé alikuwa ameshaeleza kanuni sahihi mwaka 1845: m ikizidi 1, kuna nafasi ya kuishi.

Hatua ya 2: Hesabu waliopo nyumbani

Ili mzao awe sifuri baada ya hatua 2n, lazima n ziwe za kulia na n za kushoto. Kwa hiyo wastani wa waliopo nyumbani ni

m²ⁿ × C(2n, n) × (p(1−p))ⁿ

ambapo C(2n, n) ni idadi ya namna za kuzipanga hatua hizo. Idadi hiyo inakaribia 4ⁿ ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha πn. Kwa hiyo kila hatua wastani unazidishwa kwa takriban mρ, ambapo ρ = 2√(p(1−p)). Kwetu ρ = 0.8, na mρ = 0.96.

Tazama kizazi cha 100. Ukoo mzima una wastani wa chembe milioni 82.8. Walio nyumbani? Wastani wa 0.0013. Tena, ukijumlisha wastani huo kwa vizazi vyote unapata namba yenye kikomo, kwa hiyo nyumbani patatembelewa mara chache tu, kisha basi. Ukoo unaweza kuishi, lakini umehama.

Hatua ya 3: Thibitisha uhai wa nyumbani

Sasa pandisha uwezekano wa kupata watoto 2 hadi 0.75. m = 1.5 na mρ = 1.2. Usikimbilie kutangaza ushindi, kwa sababu wastani unaweza kupandishwa na bahati adimu. Weka namba kwenye fomula ya hatua ya 2 hapo juu, uone wastani wa walio nyumbani kadiri hatua za chembe zinavyoongezeka:

- hatua 2: 0.72
- hatua 4: 0.7776
- hatua 6: 0.933
- hatua 8: 1.176

Hapo tumepata. Hesabu wazao waliopo sifuri baada ya hatua 8 kana kwamba ni "watoto" wa chembe ya kwanza. Wazao wao wanaorudi baada ya 8 nyingine ni "wajukuu". Huo ni ukoo wa kawaida wenye wastani unaozidi 1, na hatua ya 1 imeshatuambia una nafasi ya kuishi. Kwa hiyo nyumbani pia pana nafasi ya kuishi.

Hatua ya 4: Mpaka wenyewe

m = 1.25 inafanya mρ = 1 kamili. Mpe kila aliye mahali x uzito wa (1/2)ˣ. Kwenda kulia kunaupunguza uzito nusu, kushoto kunauzidisha mara mbili: 0.8 × 1/2 + 0.2 × 2 = 0.8. Zidisha kwa 1.25, unapata 1. Jumla ya uzito ni kama mchezo wa haki, yaani kwa wastani haipandi wala haishuki, tena usioshuka chini ya sifuri, na mchezo kama huo lazima utulie. Lakini kila chembe inapofika nyumbani ina uzito wa 1, na uzazi wake unaitikisa jumla. Mitikisiko hiyo haiwezi kuendelea milele, kwa hiyo mpakani nyumbani panakufa. Nina Gantert na Sebastian Müller walithibitisha jambo hili mwaka 2006 kwa minyororo ya Markov kwa jumla, yaani matembezi ambayo hatua inayofuata inategemea mahali ulipo tu.

Pengo kati ya 1 na 1/ρ, yaani thamani za m ambapo ukoo unaweza kuishi lakini nyumbani panakufa, linategemea mahali. Kwa p = 0.5 halipo. Kwenye mti usio na mwisho ambao kila kifundo kina majirani 3, na chembe inaenda kwa jirani yeyote kwa uwezekano sawa, ρ ni 0.943, na pengo linaishia 1.06.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kompyuta

Mara ya kwanza niliweka kikomo cha chembe 10,000, zikizidi nafuta kwa kubahatisha. Kwa m = 1.5 nyumbani palikufa kila nilipojaribu, nikatafuta kosa kwenye hesabu siku nzima. Kosa lilikuwa kwenye kufuta: kundi kubwa linakimbilia kulia, waliobaki nyuma ni wachache mno, na kufuta kwa kubahatisha kunawamaliza.

Tunza idadi kwa kila mahali, si chembe mojamoja. Penye chembe k, bahatisha waliozaa kwa mgawanyo wa binomia (idadi ya mafanikio katika majaribio k yanayofanana), zidisha kwa 2, kisha gawa kulia na kushoto kwa binomia nyingine. Ukilazimika kufuta, futa kwa mahali: wote waliovuka −4 au 4. Safari ya hatua 8 inayorudi sifuri haivuki hapo, kwa hiyo uthibitisho wa hatua ya 3 unabaki mzima. Ndani ya kuta hizo wastani unakua kwa takriban 1.14 kila kizazi, na hata kizazi cha 200 namba bado zinaingia kwenye namba kamili za biti 64 za kompyuta.