Jinsi ya Kuchagua na Kulinganisha Lenzi za Zumu Kabla ya Kutoa Hela Yako

Majuzi nilikaa na kijana anayepiga picha za harusi, amekwama kati ya lenzi mbili za zumu (zinazoweza kuvuta karibu au kwenda mbali): 24-70mm f/2.8 na 24-105mm f/4. Alikuwa ametazama video za wachambuzi hadi amechoka, na kila video ilimpeleka upande wake. Tuliziweka kando, tukaanza na picha zake mwenyewe. Njia tuliyoipita siku ile ndiyo ninayoiandika hapa. Nachukulia unajua kubadilisha lenzi, kupiga RAW na kuiendesha kamera kwenye M, yaani kujipangia kila kitu mwenyewe.

Hatua ya 1: Zihoji picha zako

Kila picha ya dijitali hubeba taarifa za namna ilivyopigwa, ukiwemo urefu wa fokasi, yaani zile milimita zinazoonyesha lenzi imevuta kiasi gani. Ukitumia Lightroom, kichujio cha Metadata kitakuorodheshea. Kama huna, pakua ExifTool, programu ya bure, kisha andika kwenye dirisha la amri la kompyuta (Terminal au Command Prompt):

exiftool -csv -r -FocalLength -FNumber -ISO Picha > orodha.csv

Hapo "Picha" ni jina la folda yako. Fungua faili hiyo kwenye Excel au LibreOffice, panga kwa urefu wa fokasi, uangalie picha zimerundikana wapi. Tumia zile tu ulizomkabidhi mteja au ulizozipenda. Zile ulizozitupa zitakupotosha.

Rundo likiwa limegota mwishoni mwa lenzi, tuseme 55mm kwenye 18-55mm, maana yake ulitaka kusogea zaidi, lenzi ikakataa. Likigota kwenye 18mm, unachokosa ni upana. Kijana yule alikuwa na 28-70mm iliyokuja na kamera, na picha zake zilirundikana sehemu mbili: 28mm ndani ya ukumbi na 70mm kwenye nyuso za watu. Katikati palikuwa karibu patupu. Hakuna mchambuzi ambaye angeweza kumwambia hilo.

Hatua ya 2: Jua sensa yako inakufanyia nini

Namba za milimita hazibadiliki, kinachobadilika ni kipande cha taswira ambacho sensa, ile sehemu inayonasa mwanga ndani ya kamera, inakichukua. Kwa APS-C, sensa ndogo kiasi, zidisha kwa 1.5 (Canon kwa 1.6), kwa Micro Four Thirds, ndogo zaidi, zidisha kwa 2, upate upana wa mwonekano unaolingana na fulifremu, sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm. Kwa hiyo 24-70mm kwenye APS-C inaonyesha kama 36-105mm, na ule upana wa ukumbini umeshapotea. Simshauri mtu wa APS-C anunue 24-70mm ya fulifremu iwe lenzi yake kuu eti "siku moja nitahamia fulifremu". Nunua lenzi ya kamera uliyo nayo leo. Sigma 18-50mm f/2.8 iliyotengenezwa kwa APS-C ina uzito usiofika gramu 300, na inakupa karibu mwonekano ule ule ambao mwenye fulifremu anaubeba kwa zaidi ya mara mbili ya uzito huo.

Hatua ya 3: Amua kuhusu tundu

Tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/2.8 kwenda f/4 mwanga unapungua nusu. Kutoka f/4 kwenda f/5.6 unapungua nusu tena. Ukumbi ambao f/2.8 inakupa 1/125 kwa ISO 3200, f/4 itataka ISO 6400 na f/5.6 itataka 12800, kasi ya shata ikibaki pale pale. Usidanganywe na kitulizi cha mtikisiko hapa. Kinatuliza mikono yako, hakimtulizi bwana harusi anayecheza.

Lenzi ikiandikwa f/3.5-5.6, tundu lake la juu linapungua kadiri unavyovuta. Uliza, au pima mwenyewe, linapungua kuanzia milimita ngapi. Zungusha pete ya zumu taratibu huku ukitazama namba ya f kwenye skrini. Zipo zinazofika f/5.6 mapema sana, na hapo ile f/3.5 iliyochorwa mbele ya lenzi ni ya upande mpana peke yake.

Sasa kuhusu mandharinyuma kuwa ukungu, jambo ambalo wengi hudhani ni la f/2.8 tu. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f upate upana wa tundu: 70 kwa 2.8 ni milimita 25. 105 kwa 4 ni milimita 26 na kidogo. Maana yake ukimpiga mtu uso ukajaza fremu vile vile kwa lenzi zote mbili, nyuma kwa mbali kunayeyuka karibu sawasawa. Kilichobaki cha kulipia kwenye f/2.8 ni mwanga. Kijana wangu anapiga kumbi za usiku, watu hawatulii, kwa hiyo kwake f/2.8 ni kitendea kazi. Angekuwa mtu wa safari na mandhari ningemwambia bila kusita achukue 24-105mm f/4, na baki ya hela anunue praimu (lenzi isiyovuta) moja ya f/1.8 kwa ajili ya giza. Hiyo jozi naipenda kuliko lenzi yoyote moja.

Za 18-300mm na jamaa zake sizipendekezi kwa kazi ya kulipwa. Zina nafasi yake pale unapotakiwa kubeba lenzi moja tu na mwanga ni wa kutosha.

Hatua ya 4: Maunti

Hakikisha maunti, pale lenzi inaposhikana na kamera, ni ya kamera yako. Lenzi za DSLR (kamera zenye kioo ndani) zinaingia kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless) kwa adapta, kinyume chake hakiwezekani kwa njia ya maana: Canon EF, ya DSLR, inakaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, RF, ya zisizo na kioo, inakaa 20.

Hatua ya 5: Pima lenzi mbili kwa haki

Hapa ndipo masaa hupotelea. Mtu anaazima lenzi mbili, anapiga ukuta picha mbili, anazikuza kwenye kompyuta na kutoa hukumu, kumbe alichopima ni tripodi yake, au fokasi yake, au wingu lililopita. Nitakwenda polepole.

Weka kamera kwenye tripodi imara, zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi na cha kamera, toa filta, weka taima ya sekunde 2. Filta ya bei rahisi peke yake inatosha kuharibu ukali wa lenzi ndefu, kwa hiyo itoe hata kama huwa huitoi. Weka M kwa kila kitu, ISO ya chini kabisa, rangi ya mwanga (white balance) uliyoifunga mwenyewe.

Chagua shabaha ya mbali yenye maandishi au vitu vidogo vidogo, sio ukuta. Ukuta unataka sensa iwe sambamba nao kabisa. Kamera ikiinama hata kidogo, upande mmoja wa picha unatoka kwenye fokasi na utailaumu lenzi. Kama huna budi kutumia ukuta, bandika kioo cha kujitazamia juu yake kikiwa kimelala flati, kisha sogeza kamera mpaka uone lenzi yenyewe imekaa katikati kabisa ya picha. Hapo mko sambamba.

Kwa lenzi ndefu piga asubuhi mapema. Jua likishapanda, hewa juu ya lami na mabati inacheza, na kwa 200mm au 400mm picha inakuwa kana kwamba imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi itakayoponea hapo.

Weka fokasi kwa mkono, ukikuza skrini mpaka mwisho. Usiiachie otofokasi katika jaribio hili. Hiyo utaipima kivyake. Na kila unapobadilisha milimita, weka fokasi upya. Zumu nyingi za picha za siku hizi hazishikilii fokasi unapovuta, hivyo ukiweka kwenye 24 ukavuta hadi 70, picha ya 70 haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Mimi hupiga picha tatu kwa kila hali, kila moja na fokasi mpya, nikachukua iliyo bora. Lenzi nyingine huhama fokasi kidogo ukifunga tundu, kwa hiyo ukishuka hadi f/5.6, weka fokasi ukiwa kwenye f/5.6 hiyo hiyo.

Piga kwenye milimita zile ulizozipata Hatua ya 1. Hii ndiyo nukta ninayoisisitiza kuliko zote. Zumu haina ukali wa aina moja. Inaweza kuwa kali kwenye 24 na legelege kwenye 70, mwenzake akawa kinyume. Ukiwa mtu wa 70mm, ushindi wa 24mm haukuhusu. Kwa kila urefu piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha f/5.6, kisha f/8. f/16 iache, huko mwanga unasambaa kwenye tundu dogo na lenzi nzuri na mbaya zinafanana.

Usiamini namba za kwenye pete. "70" ya lenzi moja inaweza kuwa finyu kuliko "70" ya nyingine. Kamera isitoke ilipo. Zungusha pete hadi shabaha ijae fremu sawa. Tena lenzi nyingi hupoteza urefu zikifokasi karibu, hivyo 70-200mm inaweza kuwa 200 ukitazama mlima, na pungufu kabisa ukimtazama mtu aliye mita mbili. Kama kazi yako ni nyuso, rudia jaribio kwa umbali wa nyuso. Usishangae pia picha moja ikiwa na kiza kidogo kwa f ile ile: namba ya f ni hesabu ya vipimo tu, haihesabu mwanga unaomezwa na vioo.

Ukimaliza lenzi A, piga B, kisha rudisha A upige tena. Picha za A za mwanzo na za mwisho zisipofanana, kuna kitu kimehama katikati na jaribio halina thamani.

Sasa pembe. Lenga maandishi yakae katikati, weka fokasi, kisha usiiguse tena. Geuza kamera ili maandishi yale yale yakae pembe ya juu kushoto, piga. Juu kulia, piga. Chini kushoto, chini kulia, piga. Linganisha zile pembe nne zenyewe kwa zenyewe. Zote nne zikiwa laini kwa kiasi kimoja, huenda lenzi haina kasoro, ila fokasi yake imejikunja pembezoni, yaani katikati na pembeni hazikai kwenye fokasi moja. Jaribu kuweka fokasi upya maandishi yakiwa pembeni uone kama yanakaza. Pembe moja au upande mmoja ukiwa mbovu na mwingine mkali, kioo ndani kimekaa upande. Hiyo ni kasoro ya nakala hiyo uliyoishika, sio ya aina nzima ya lenzi, na ndiyo sababu sifa za mchambuzi hazikuhakikishii kitu: yeye alipima nakala yake.

Kwenye kompyuta, weka kiwango sawa cha kunoa picha kwa zote, na angalia marekebisho ya lenzi. Programu inaweza kuitambua A na kuinyoosha, ikaiacha B ilivyo. Msimamo wangu ni kuwa uyawashe kwa zote mbili, maana lenzi nyingi za kamera zisizo na kioo zimetengenezwa zikitegemea programu. Canon RF 24-240mm, kwa mfano, kwenye 24mm bila marekebisho ina kona nyeusi na mistari iliyopinda sana. Ukiihukumu hivyo unaionea. Lakini tazama pia kona zimebaki na ukali gani baada ya kunyooshwa, maana kunyoosha ni kuvuta pikseli. Kama kamera ni mbili tofauti, usilinganishe picha zikiwa zimekuzwa hadi asilimia 100. Punguza picha ya pikseli milioni 45 ifikie ukubwa wa ile ya milioni 24 kwanza.

Otofokasi ipime kwa mtu anayetembea kukujia ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, na hesabu picha zilizo kali machoni. Inatosha.

Hatua ya 6: Ishike mkononi

Ibebe kwenye kamera yako kwa nusu saa. Sony 24-70mm f/2.8 GM ya 2016 ina gramu 886, toleo la pili la 2022 lina 695. Begani mwisho wa siku tofauti hiyo unaihisi. Kama unahama kutoka Nikon kwenda Canon, jua kuwa pete za zumu huzunguka kwa pande zinazopingana.

Ya mitumba usiinunue kama mbuzi kwenye gunia. Ipitishie tochi kutoka nyuma ukitazama mbele: vumbi kidogo halina neno, nyuzi nyembamba zilizotawanyika ni fangasi, iache hapo hapo. Ielekeze chini uone kama inajirefusha yenyewe. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Ikikwama sehemu moja au kukwaruza, huenda iliwahi kuanguka. Piga kwa f/16 mara kadhaa mfululizo, mwanga wa picha zote uwe mmoja. Zikipishana, mabamba ya tundu yanaweza kuwa na mafuta au yamechoka.

Iliyo mpya nayo usiiamini kwa kuwa ni mpya. Tunza boksi na risiti, fanya jaribio la pembe nne ndani ya muda wa kurudisha, na upande mmoja ukionekana mbovu, irudishe pamoja na zile picha nne ubadilishiwe nakala.