Ripoti ya mwaka ya idara ya uzazi, namna ya kuiandaa bila kujidanganya

Mwaka ukiisha kila idara inakimbizana na ripoti, na sisi wa uzazi na magonjwa ya wanawake tuna ile sentensi yetu ya siku zote, "idadi ya akina mama waliojifungua imeongezeka", tunapigiwa makofi tunakaa. Sasa kuongezeka tu ni maendeleo gani? Kwa hapa Mwanza inawezekana mji umetanuka, au kituo cha jirani hawana mtu wa usingizi wagonjwa wote wakahamia kwako. Kama umepewa kazi ya kuandaa hiyo ripoti, uwe Sekou Toure, hospitali yetu ya mkoa, au hospitali ya wilaya au kituo cha afya huko kisiwani, fanya hivi.

Anza na vitabu, sio kompyuta. Chukua MTUHA namba 12, yaani kile kitabu cha kumbukumbu cha leba, kaa na mwenzio mmoja anasoma mwingine anaandika, mwezi kwa mwezi, halafu ndo ufungue DHIS2, ule mfumo wa takwimu za afya wa kwenye kompyuta, ulinganishe. Zikipishana rudi kwenye kitabu na mafaili mpaka ujue ilipopotelea. Pitia na kitabu cha theatre na cha wodi ya vichanga, maana mtoto aliyehamishwa kutoka leba akafa siku ya pili huwa anakosa mwenyewe, leba wanasema hakufia kwetu, wale wengine wanasema alikuja ameshachoka. Na juu kabisa andika ni Januari mpaka Desemba au Julai mpaka Juni, watu wanachanganya hivyo viwili kwenye jedwali moja utashangaa.

Pili, usiweke vifo kwa idadi peke yake. Chukulia mwaka juzi mlikuwa na vizazi hai 3,000 na vifo vya akina mama 6, mwaka jana vizazi hai 4,200 na vifo 7. Mtu wa haraka ataona mmerudi nyuma, lakini piga hesabu, ni 200 kwa kila vizazi hai 100,000 halafu ikawa kama 167. Ila usishangilie sana pia, kwa namba ndogo hivi kifo kimoja tu kinageuza picha. Na usijilinganishe na ile namba ya taifa, utafiti wa 2022 ulitoa 104 kutoka 556 ya 2015/16, ni hatua kubwa kweli, ila ile ni nchi nzima na wewe ni hospitali inayopokea walioshindikana kwingine.

Hapo kwenye kupokea ndo penyewe. Tenganisha waliofika kwa miguu yao na walioletwa kwa rufaa, kisha walioletwa andika wametoka wapi na wamefika na hali gani. Mama wa kisiwa cha Ukara au Kome anayevuja damu usiku anasubiri boti, anasubiri ziwa litulie, akifika kwako presha haisomeki, akifa dakika 40 baadaye kifo kinaandikwa chako. Hospitali ikisifika rufaa zinaongezeka na vifo vinaweza kupanda wakati huduma imekuwa bora, bila kutenganisha huwezi kumweleza mtu akakuelewa. Angalia pia wangapi waliletwa kwa m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, ile ya kupiga 115 bure, na kwa wa upande wa Sengerema linganisha kabla na baada ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa 2025, zamani gari la wagonjwa lilikuwa linapanga na kivuko.

Tatu ni muda, na hapa usiwe na haraka. Toa mafaili ya oparesheni za dharura za kujifungua, usichague yaliyonyooka, chukua kila la kumi. Tafuta saa daktari aliyoandika "aende theatre", halafu saa ya kisu kwenye kitabu cha theatre. Lengo linalotajwa kwa dharura kali ni dakika 30, wewe andika mliyoyakuta hata kama ni saa mbili na nusu, na sababu zake: damu haipo, shuka hazijakauka, mtu wa usingizi yuko kesi nyingine. Ukiwa na faili mkononi tazama patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa inajulikana tu, wino mmoja, mapigo ya moyo ya mtoto 140, 140, 140 mpaka chini, mstari wa kufunguka kwa njia umenyooka kama umepigwa rula. Hizo zihesabu peke yake, na usimtaje nesi jina.

Kwenye oparesheni asilimia ya jumla haisemi kitu, wagawe kwa yale makundi kumi ya Robson, yanayopanga akina mama wote wanaojifungua kwa uzazi waliowahi kupata, mtoto alivyokaa na uchungu ulivyoanza. Kundi la kwanza, yaani mama hajawahi kuzaa, mtoto mmoja, miezi imetimia, kichwa kimetangulia, uchungu umeanza wenyewe, likianza kupanda shtukeni, maana hao hao watarudi na kovu miaka ijayo.

Kutokwa damu baada ya kujifungua nako kuna mtego: mkianza kupima kwa ile plastiki yenye alama badala ya kukadiria kwa macho, kesi zitaruka juu ghafla. Hazijaongezeka, zilikuwepo. Andika mwezi mlioanza kuitumia.

Halafu jamani upande wa magonjwa ya wanawake msiupe nusu ukurasa. Wangapi wamepimwa saratani ya mlango wa kizazi, wangapi walikutwa na dalili, na wangapi kati ya hao walitibiwa kweli, hiyo ya tatu ndo wengi wanairuka. Mimba zilizoharibika, fistula, waliopelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, na kama majibu yalirudi.

Mwisho kuandika. Kurasa nne zinatosha, ukurasa wa kwanza uwe wa Mganga Mfawidhi kwa sababu bajeti iko kwake, weka mambo matatu mnayoomba na bei zake. Majina ya wagonjwa yasionekane popote, hata kijiji kiache kama tukio linajulikana mtaani. Nakala moja ibandike chumba cha manesi wa leba, nyingine zipeleke kwenye zahanati zinazowaletea rufaa, na kwa kila moja andika kwa mkono wagonjwa wao waliishia vipi, maana wakishapandisha mama kwenye boti huwa hawasikii tena habari zake.