Mvinyo wa nyumbani kwa zabibu za Dodoma

Sisi tunaishi Dodoma, na mvinyo tunautengenezea stoo, pembeni ya magunia ya mahindi. Mume wangu, Baba Neema, ndiye mwenye nguvu za kubeba. Usafi na vipimo ni vyangu, na hapo sitaki msaidizi.

Hapa mizabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mavuno ni mawili: moja kati ya Februari na Aprili, jingine Agosti na Septemba. Nunua ya Agosti. Mvua hakuna, tunda halijajaa maji, ukungu haujalishambulia. Nenda shambani mwenyewe, Mpunguzi au Hombolo, uulizie zabibu nyekundu ya Makutupora. Mkulima atakuapia kwamba zimeiva. Wewe tafuna mbegu. Ikiwa ya kahawia na inakatika kwa mlio, lipa. Ikiwa ya kijani na inanata menoni, rudi wiki ijayo. Kilo 20 zitakupa lita 12 hivi za mvinyo.

Vyombo si vingi: ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 40, madumu mawili ya maji ya kunywa, lile kubwa la lita 18.9 na dogo la lita 12 au 13, mpira wa dripu kutoka duka la dawa, na haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari. Sufuria ya alumini iache jikoni, asidi ya zabibu huila na ladha ya bati ikaingia kwenye mvinyo. Kila kitu kioshwe kwa maji ya moto, na sabuni isuuzwe hadi harufu yake iishe kabisa.

Chambua zabibu, tupa zilizooza, ng'oa vikonyo. Kisha ziponde kwa mikono. Jirani yetu alitushauri tutumie blenda; blenda inasaga mbegu, na mbegu iliyosagwa hutoa uchungu ambao hautoki tena. Ndoo isijae kupita robo tatu, maana itapanda. Yeyusha gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti katika maji kidogo, mimina, koroga, funika kwa kitambaa, uache siku nzima. Dawa hii hutuliza vijidudu pori vilivyokuja na maganda. Usiivute puani, inakaba.

Kesho yake chota mchuzi, uchuje, pima. Haidromita ikisoma 1.085, mvinyo wako utafika kilevi cha asilimia 11 hivi bila kuongeza kitu. Ikisoma chini zaidi, sukari gramu 17 kwa kila lita ya mchuzi hupandisha asilimia 1. Kwa lita 12, kupanda asilimia 2 ni gramu 400 na kidogo. Pima kwa mizani. Baba Neema angepima kwa kikombe, ndiyo maana nimesema vipimo ni vyangu.

Weka hamira ya mvinyo, pakiti ya gramu 5. Hamira ya mandazi nayo inafanya kazi, ila harufu ya mkate hubaki na huchoka mapema. Ndani ya siku moja au mbili utasikia ndoo ikinong'ona, na maganda yatapanda juu yakawa tabaka zito. Asubuhi, mchana na jioni lizamishe kwa mwiko safi. Likikaa juu likakauka, wale inzi wadogo wa matunda watalivamia, na wao ndio wanaoleta siki. Dirisha liwe wazi, hewa inayotoka humo si ya kuvuta. Usiku wa Agosti Dodoma kuna baridi, kwa hiyo ndoo yetu hufungwa blanketi.

Baada ya siku sita au saba, onja. Rangi ikiwa nzito na ulimi umeanza kukauka, chuja kwa kitambaa cheupe, kamua bila kuvunja mbegu, mimina kwenye dumu kubwa. Mpaka hapa hewa ilikuwa rafiki; kuanzia sasa ni adui. Ziba mdomo wa dumu kwa kizibo chenye tundu, pitisha mpira wa dripu, ncha ya nje izame kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka kwa mapovu, hewa haitaingia.

Sasa sukari. Mimi napenda mvinyo mkavu, mume wangu anapenda mtamu, na wapenda utamu wengi husimamisha uchachukaji katikati au hutia sukari wakati wa kufunga chupa. Hamira iliyolala huamka, na chupa hupasuka. Acha mvinyo uchachuke mpaka mwisho: haidromita isome 0.995 au karibu na hapo, siku tatu mfululizo bila kubadilika. Utamu utiwe mezani. Baba Neema ana chupa yake ya shira friji, hutia kijiko kwenye glasi yake, na mimi glasi yangu haiguswi.

Mashapo yakitulia chini, baada ya wiki tatu hivi, hamishia kwenye dumu dogo kwa mpira, ukiinua dumu la kwanza mezani. Ncha isiguse mashapo. Lijae hadi shingoni, na kizibo na mpira virudi mahali pake. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, kila mara kwenye chombo kinachojaa. Ukiona mwanga wa tochi unapita upande wa pili, umefika.

Chupa tunaokota za baa, zenye kifuniko cha kuzungusha, maana vizibo vya magome ni vya kutafuta kwa tochi. Zichemshe, jaza hadi shingoni, weka gizani miezi mitatu. Ni wa kunywa nyumbani na wageni. Kuuza kunahitaji leseni na kibali cha TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Na yeyote atakayekuambia uuchemshe upate kinywaji kikali, mkatalie: hiyo ni gongo.