Bima wamekupa ofa ya fidia? Piga hesabu hii kabla hujasaini

Watu wa bima wakikupigia siku chache tu baada ya ajali wanakwambia hela iko tayari, njoo usaini, jua hiyo ofa ya kwanza mara nyingi ni ya chini. Sio kwamba anayekupigia ni mtu mbaya, kazi yake ni kufunga faili kwa hela kidogo na anajua saa hiyo una madeni na mguu umefungwa plasta.

Kabla ya hesabu yoyote angalia muda. Usikubali mpaka daktari aseme umepona au umefika pale ambapo hali haitabadilika sana tena, kwa sababu karatasi utakayosaini inasema umelipwa na hutodai tena chochote kuhusu ajali hiyo, kwa hiyo nyonga ikianza kusumbua mwaka ujao opresheni ni juu yako. Isome yote, zingine zinawaachilia hadi watu ambao hujawadai bado. Kama umebanwa kweli, uliza kama wanaweza kukulipa sehemu kwanza bila kufunga madai. Ila usilale pia, sheria inaweka ukomo wa muda wa kufungua kesi na kupiga stori na bima kwa kawaida hakuusimamishi, wapo wanaozungushwa hadi muda unaisha.

Haya, hesabu. Andika vyote vyenye risiti: hospitali, dawa, nauli za kliniki, mshahara au biashara iliyosimama, aliyekuwa anakuhudumia nyumbani. Halafu andika yanayokuja, yaani mazoezi ya viungo, kurudi kutolewa vyuma, na kipato kitakachopungua kama huwezi tena kazi yako ya zamani. Hapa ndo ofa nyingi zinapunjia, na hapa ndo ripoti ya daktari inakulipa kuliko maneno yako.

Maumivu hayana risiti. Utasikia watu wanasema chukua bili ya hospitali zidisha mara mbili au tatu, mi naona hiyo ni hesabu ya kijiweni, hakimu hafungwi nayo. Mwombe wakili akuonyeshe hukumu za karibuni za majeraha kama yako kwenye mahakama za hapo ulipo, hiyo ndo bei halisi.

Sasa anza kupunguza, na usijidanganye. Tuseme mahakama inaweza kukupa 20,000. Ulikuwa na uzembe wako kidogo, asilimia 20 hivi, inabaki 16,000 (na kuna nchi ambazo uzembe wako ukizidi kiwango fulani hupati kitu kabisa, hili ulizia mapema). Uwezekano wa kushinda ni asilimia 70, inakuwa 11,200. Toa 2,000 za mashahidi wataalamu na gharama za kesi, ushinde ushindwe zinatoka, unabaki na 9,200 ambazo unaweza kuzisubiri miaka. Kwa hiyo ofa ya 5,000 irudishe, ya 9,000 kaa nayo uifikirie vizuri hata kama moyo unataka 20,000. Uliza pia kikomo cha bima ya aliyekugonga, maana ikiishia 10,000 na mwenyewe hana mali, hukumu kubwa utaishia kuitundika ukutani.

Halafu angalia itakayofika mkononi mwako. Wakili anachukua asilimia ngapi, na anaikata kabla au baada ya kutoa gharama? Bima yako ya afya au mwajiri aliyelipa hospitali naye anaweza kutaka arudishiwe, na hilo deni wakati mwingine linapunguzika ukiongea nao kabla hujasaini.

Ukikataa, kataa kwa maandishi, taja kiasi unachotaka na uambatanishe vielelezo, na waulize wao wamefikaje kwenye namba yao, usiwatajie kiwango chako cha chini kabisa. Video za kucheza harusini acha kuposti kipindi hiki, wanaangalia. Na kuna nchi ambazo ukikataa ofa rasmi halafu mahakama ikakupa pungufu yake unaweza kubebeshwa gharama za upande wa pili kuanzia siku ile, kwa hiyo muulize wakili kama uliyoletewa ni ya aina hiyo na mwisho wa kujibu ni lini.