Kabla hujalipa kishika nafasi cha uuguzi wa miezi 16

Nina daftari la kaunta, lile la jalada gumu, nililokuja nalo begini kutoka Morogoro. Kurasa sita za mwanzo zina hesabu moja tu: niingie kwenye programu ya uuguzi ya miezi 16 inayodai dola 78,000, au nisiingie. Mara kwa mara dada au kaka mmoja hunipigia simu saa tisa usiku akiwa kwenye mapumziko ya shifti, ananiuliza swali lilelile, nami namsomea kurasa hizo. Nimechoka kusoma kwa simu, kwa hiyo naziandika hapa.

Mambo ni hivi. Hapa Marekani, kama tayari una shahada ya kwanza ya fani nyingine, kuna njia ya mkato inayoitwa ABSN. Unachukua shahada ya uuguzi kwa miezi 11 hadi 18 hivi badala ya miaka minne. Mimi nilikuwa na shahada ya uhasibu ya Mzumbe na green card ya bahati nasibu, na nilianza walikoanzia wengi wetu: CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee upande wa Arlington, Texas, dola 17 kwa saa, kuogesha, kugeuza, kulisha. Nyumbani wanaita kubeba boksi. Sawa, lakini boksi hili linakuuliza habari za watoto wako.

Siku niliyojaza jina langu kwenye tovuti ya chuo kimoja cha binafsi, simu ziliingia tatu kabla ya jioni. Mshauri wa udahili alikuwa na sauti ya asali. Akaniambia nafasi ni chache, nilipe dola 500 za kushika nafasi, hazirudi. Nikajisemea hii ni kama kishika uchumba, ila hata mshenga simfahamu. Nikamwomba wiki mbili. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila mtu: omba wiki mbili. Muhula mwingine utaanza miezi michache mbele, na watakupigia tena wenyewe, usiwe na wasiwasi.

Kisha jiulize hasa unauziwa nini. Aliyesoma chuo cha jamii (komyuniti koleji, chuo cha umma cha bei nafuu cha eneo lenu) miaka miwili akapata ADN, ambayo ni kama stashahada ya uuguzi, na aliyemaliza ABSN ya dola 78,000, wanakwenda kukaa kwenye mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN: maswali 85 mpaka 150, saa tano, ada ya dola 200. Wakifaulu, leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ni ileile. Mgonjwa hatakuuliza ulilipa ngapi. Ni kweli shahada ina uzito wake. Hospitali nyingi kubwa zinapenda kuajiri wenye BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka manesi wapya wawe na shahada hiyo ndani ya miaka 10 ya kupata leseni. Lakini BSN unaweza kuimalizia mtandaoni huku ukifanya kazi kama RN, na hospitali nyingi huchangia ada. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri akulipie mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Kwa hiyo leseni siyo bidhaa wanayouza. Wanauza miezi. Nilipoliona hilo, mhasibu aliyekuwa amelala ndani yangu akaamka akadai kalamu.

Ukurasa wa pili. Nilichukua saa 36 kwa wiki, ambazo ni saa 156 kwa mwezi. CNA wa dola 17 anapata 2,652. Manesi wapya niliowauliza mwenyewe hapa Dallas walikuwa wakianza na kama dola 35 kwa saa, yaani 5,460 kwa mwezi. Angalia hapo: waulize waliomaliza juzi. Mshauri wa udahili atakutajia dola 93,600 kwa mwaka, na hasemi uongo, ndicho kipato cha katikati cha RN kwa takwimu za serikali za Mei 2024. Ila ndani yake wamo manesi wa California na waliokaa wodini miaka 20, na nusu ya manesi wote wako chini ya hapo. Wewe utaanzia huko chini.

Njia ya haraka: miezi 16 bila mshahara, kwa sababu chuo chenyewe kilituandikia kwamba hakishauri mtu afanye kazi. Miezi miwili ya mtihani na kutafuta ajira. Halafu mwezi wa 19 mpaka wa 30 unalipwa kama RN, jumla 65,520. Toa ada 78,000. Mwezi wa 30 unakukuta kwenye hasi 12,480, na riba bado sijaigusa.

Njia ya chuo cha jamii: miezi 24, lakini Jumamosi na Jumapili unapiga shifti za saa 12, dola 1,768 kwa mwezi, jumla 42,432. Miezi miwili ya mtihani ukiendelea na wikendi zako, 3,536. Miezi minne ya mwisho ni RN, 21,840. Jumla 67,808. Ada, vitabu, sare na vipimo vyote kwa bei ya mkazi wa kaunti nilivikadiria 9,500. Mwezi wa 30 una 58,308.

Tofauti ni dola 70,788, zote kabla ya kodi, na kuanzia mwezi wa 31 wote wawili mnapata mshahara mmoja. Yaani ile miezi minane niliyokuwa naikimbilia, nilikuwa nauziwa kila mmoja kwa kama dola 8,800. Nilimwonyesha mume wangu. Akasema, "Hiyo miezi ina dhahabu ndani?"

Usifunge daftari hapo, maana hapo ndipo watu wa "komyuniti koleji ni bure kabisa" wanapojidanganya. Chuo cha jamii kina foleni. Kila mtu anakitaka kwa sababu ni cha bei nafuu, na nafasi zao za wodini hazitoshi. Mimi nilikataliwa kimoja, cha pili kikanipokea baada ya kukaa muhula mzima nje nikisubiri. Wengine husubiri mwaka. Mwaka mmoja wa kusubiri ukiwa CNA badala ya RN unakugharimu 2,808 mara 12, yaani 33,696. Ukizitoa kwenye ile tofauti, njia ya haraka bado inakuacha nyuma kwa dola 37,092, lakini si sabini tena.

Sasa mchukue shoga yangu, Mkenya wa Kisumu, tuliyeanza naye shifti mwezi mmoja. Yeye alipata ABSN ya chuo kikuu cha umma, ada 24,000. Foleni ya chuo cha jamii alikokuwa anakaa ilikuwa mwaka. Tulikaa jikoni kwake, tukaweka namba zake kwenye mistari ileile: njia ya haraka iliizidi ile ya chuo cha jamii kwa karibu dola 17,000. Mume wake anaendesha lori na bima ya familia inatoka kwa mwajiri wake. Nilimwambia nenda, tena leo. Alikwenda. Kwa hiyo ukinipigia simu kuniuliza kama ABSN ni nzuri au mbaya, nitakuuliza namba mbili tu: ada yako ngapi, na foleni ya chuo cha jamii cha kwenu miezi mingapi?

Namba hizo usizikadirie kichwani. Piga simu chuo cha jamii, uliza waombaji wangapi waliomba mara ya mwisho na wangapi walichukuliwa, na alama gani za TEAS, mtihani wa kuingilia, ziliwaingiza. Na usihesabu masomo ya awali kama muda wa njia moja tu. Anatomia na fiziolojia, maikrobiolojia, kemia, takwimu: njia zote zinayataka. Yasome chuo cha jamii, moja moja, ukiwa bado kazini. Shahada yako ya nyumbani itahitaji kutathminiwa na shirika kama WES, anza hilo mapema kuliko unavyodhani. Na usikasirike ukiambiwa ufanye TOEFL wakati pale Mzumbe tulifundishwa kwa Kiingereza miaka mitatu. Nilikasirika kwa niaba yako tayari.

Ukurasa wa nne ni wa mikopo, na ndio unaowaangusha wengi wetu, kwa sababu akilini bado tuko na Bodi ya Mikopo na boom. Ukiwa na green card unaweza kuomba mkopo wa serikali ya shirikisho. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hawezi. Ruzuku ya Pell, ile isiyorudishwa, isahau: mwenye shahada ya kwanza haipati, na shahada ya nje nayo kwa kawaida inahesabika. Mkopo wa serikali kwa mtu mzima anayejitegemea, akiwa ngazi ya shahada ya kwanza, hauzidi dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, na kwa jumla hauvuki 57,500. Programu ya miezi 16 ikikatwa kama miaka miwili ya masomo unapata 25,000. Zilizobaki, 53,000, zinatoka benki binafsi. Mimi niliandikiwa riba ya asilimia 11. Hiyo ni kama dola 486 kila mwezi za riba peke yake, deni lenyewe halijaguswa. Na benki ikataka mdhamini. Nilimfikiria kaka yangu wa Houston mwenye watoto wanne, nikafunga kompyuta. Ukishindwa kulipa wewe, wanamfuata yeye. Undugu wetu haukuwekwa rehani kwa mama yetu Morogoro, nisiende kuuweka Texas.

Kuna misaada ya kweli. Nurse Corps ya serikali ina ufadhili unaolipa ada kwa makubaliano ya kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye uhaba, na mwenye green card anaruhusiwa kuomba. Waombaji ni wengi, kwa hiyo omba, lakini usiiandike kwenye daftari kama mapato. Kuna pia msamaha wa deni kwa anayefanya kazi hospitali ya umma au isiyo ya faida baada ya malipo 120. Huo unagusa mikopo ya serikali tu. Ile 53,000 ya benki haimo.

Mstari ambao Mmarekani hatauweka kwenye hesabu yake, wewe uweke: pesa ya nyumbani. Mimi nilikuwa natuma dola 200 kwa mama kila mwezi, na mchezo wa akina mama dola 150. Misiba haisubiri umalize famakolojia. Kama utaenda miezi 16 bila mshahara, mwambie mama kabla, kwa namba, siyo kwa "mambo yatakuwa magumu kidogo." Nilipomwambia, alicheka akasema atauza kuku. Hakuuza, lakini alijua.

Na jiulize nini kitatokea ukianguka somo moja. Nesi mwanafunzi hafaulu kwa alama 50 kama tulivyozoea. Vyuo vingi vinataka 75 au zaidi, na kwenye programu ya haraka ukifeli somo unaweza kusubiri kundi linalofuata, ukifeli mawili unaondolewa. Dada mmoja ninayemfahamu alitolewa mwezi wa tisa akiwa na deni la zaidi ya dola 40,000, bila shahada, bila leseni, amerudi kwenye dola 17. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mtoto mchanga na shifti za usiku za kujificha. Uliza chuo: kati ya 40 walioanza pamoja, wangapi walimaliza pamoja? Wakikupa asilimia ya waliofaulu NCLEX badala ya jibu hilo, rudia swali. Hiyo asilimia ni ya waliofika mwisho.

Asilimia ya NCLEX yenyewe usiichukue kwenye brosha. Bodi ya uuguzi ya Texas inaitangaza kwa kila chuo, na chuo kinatakiwa kisishuke chini ya 80 kwa wanaofanya mtihani mara ya kwanza. Angalia miaka mitatu mfululizo, siyo mmoja. Hakikisha chuo kimeidhinishwa na bodi ya jimbo na kina ithibati ya CCNE, ACEN au CNEA. Uliza wodi za mafunzo ziko wapi: shoga yangu alipangiwa hospitali mwendo wa saa moja na dakika kumi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi awe ameshavaa. Na mtu akikunong'oneza kanisani kwamba kuna njia ya miezi mitatu Florida, kimbia. Januari 2023 serikali ilitangaza kuwashtaki watu 25 kwa vyeti feki vya uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka vyuo vya huko.

Mimi nilikwenda chuo cha jamii. Kulikuwa na wikendi nililia garini kwenye maegesho, nikitoka shifti ya Jumapili nikiwa na mtihani Jumatatu. Sitakwambia ilikuwa rahisi kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Wenzangu wa ABSN walipokuwa wanapiga picha na kofia za mahafali, mimi nilikuwa na mihula miwili mbele. Hilo linauma, na hakuna safu yake kwenye daftari. BSN nilimalizia mtandaoni, mwajiri akilipa sehemu kubwa.

Njia yoyote utakayochagua, usiandike barua ya kuacha kazi. Omba wakubadilishe uwe wa kuitwa siku moja moja, PRN. Nyumba ya wazee haikatai mtu wa Krismasi. Na omba vyuo vya aina zote mbili kwa wakati mmoja, ili siku mshauri wa sauti ya asali atakapokupigia kuulizia ile 500, uwe na barua ya pili mezani.