Kabla hujaielekezea nyotamkia darubini kubwa

Nyotamkia angavu haimsubiri mtu. Mara nyingi hung'aa zaidi inapokuwa karibu na Jua, na hapo unaipata kwa muda mfupi tu baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, ikiwa chini karibu na upeo wa macho. Hitilafu ambayo usiku wa manane ungeirekebisha kwa utulivu, hapa inakula jioni nzima. Basi karibu kila kitu kifanye mchana.

Hakikisha kwanza kwamba darubini yako inafika huko chini. SALT, ile darubini ya Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha karibu mita 11, imejengwa ikiwa imeinama digrii 37 kutoka utosini (juu kabisa ya anga), haipandi wala haishuki. Nyotamkia inayochungulia kwenye machweo haimo katika uwezo wake. Yako huenda inashuka, lakini kuna ukuta, kuna paa, kuna mwembe wa jirani. Nenda siku moja kabla, saa ile ile, usimame pale pale itakapowekwa.

Pili, ujue unachokitafuta. Darubini ya sentimita 35 yenye urefu wa fokasi wa karibu mita 4, ukiifunga kamera ya kawaida, inakuonyesha takriban theluthi moja ya digrii ya anga. Mkia wa nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS, Oktoba 2024, ulipita digrii 10 kwenye picha. Kuutafuta mkia kwa chombo hicho ni kumtazama tembo kupitia tundu la ufunguo. Darubini kubwa ni ya kichwa: michirizi ya vumbi inayofumka kwenye kiini, na matao yanayopangana kama yale ya nyotamkia Hale-Bopp mwaka 1997, kiini chake kilipokuwa kikijizungusha mara moja kwa kila saa 11 na ushee. Mkia uachie kamera ndogo yenye lenzi fupi, na usiidharau. Mkia wa sodiamu wa Hale-Bopp uligunduliwa kisiwani La Palma kwa kamera ya aina hiyo, inayoona eneo pana, hali darubini kubwa ziko pale pale kilimani.

Yaliyo wazi nayapita haraka. Betri zijae, na moja ya akiba ikae mfukoni isipoe. Kadi ya kamera iwe tupu. Tochi iwe nyekundu. Kioo kikubwa kitolewe nje kivulini mapema, maana kikiwa na joto la chumbani picha itatetemeka. Kinga ya umande iwe tayari. Fokasi ipate kwa nyota, si kwa nyotamkia yenyewe, kwa sababu kichwa chake ni ukungu na kitakudanganya. Na Jua likiwa bado halijazama lote, usiifunue darubini wala usitafutetafute kwa jicho. Upofu wake ni wa papo hapo. Kwa wa alfajiri, weka kengele ya kukwambia ufunike kabla halijachomoza.

Sasa saa. Hili nalisemea kwa kirefu kwa sababu nimeona lilivyowatesa watu wazima wenye elimu yao.

Katikati ya Oktoba 2024 Tsuchinshan-ATLAS ilikuwa imehamia jioni, upande wa magharibi, na kikundi nilichokuwa nacho kilipanda milimani na darubini ya ukubwa ule nilioutaja. Anga safi. Saa moja usiku nyotamkia tunaiona wote kwa macho matupu, mkia umesimama juu ya ukingo wa kilima. Darubini imeingiziwa namba za jedwali linaloonyesha mahali pa nyotamkia kwa kila saa, imezunguka, imetulia. Kwenye skrini: nyota nne hafifu na weupe wa machweo. Mmoja akasema ni wingu. Mwingine akaanza kulegeza skrubu za kamera. Wa tatu akageukia darubini ndogo ya kulengea, nayo mchana hakuna aliyeilinganisha na kubwa, kwa hiyo ilikuwa inaelekea upande wake. Watu wanaionyesha nyotamkia kwa vidole, na chombo cha bei kubwa hakiioni.

Kijana mmoja aliyekuwa ameshika tochi ndiye aliyeuliza: “Mwalimu, saa za kwenye hili jedwali ni za wapi?”

Jedwali lilikuwa la UTC, yaani saa ya kimataifa. Saa moja usiku kwetu Afrika Mashariki ni 19:00 kwenye simu, lakini kwenye jedwali ni 16:00. Aliyesoma alichukua mstari wa 19:00. Kwa sayari tofauti hiyo isingeumiza sana. Lakini siku zile nyotamkia ilikuwa inahama digrii nne au zaidi kwa siku, na kwa saa tatu hiyo ni nusu digrii. Tulikuwa na theluthi moja ya kuonea. Ilipoingia hatimaye katikati ya skrini, ilikuwa imeshuka kwenye moshi wa mashamba, kichwa kimegeuka rangi ya kutu na kinachezacheza. Picha tatu, kisha miti. Jioni iliyofuata mawingu, na nyingine tena mawingu.

Basi fanya hivi: andika kwenye karatasi, mchana, safu tatu za saa (ya Kiswahili, ya simu, ya UTC) na mahali pa nyotamkia kila baada ya dakika kumi. Namba zitoe kwenye tovuti za JPL Horizons au Minor Planet Center, zinazokokotoa mahali pa nyotamkia, siku ile ile, si za mwezi uliopita, kwani gesi inayofumka huisukuma nyotamkia na njia yake hurekebishwa. Darubini ndogo ya kulengea ilinganishe kwa mnara wa simu ulio mbali, Jua likiwa mgongoni kwako.

Mwendo huo huo unaharibu hata picha iliyolengwa vizuri. Digrii nne kwa siku ni sekunde 10 za tao kila dakika (digrii moja ina sekunde za tao 3,600); darubini ikifuata nyota, picha ya dakika mbili itakigeuza kiini kuwa kijiti. Iambie ifuate nyotamkia, au piga nyingi za sekunde chache. Za sekunde chache unazihitaji hata hivyo, kwa sababu kitovu cha kichwa huungua upesi kwenye picha kwa mwanga mwingi na michirizi hupotea ndani ya weupe. Kuza skrini hadi uone pikseli baada ya picha ya kwanza, si kesho yake. Picha za anga tupu za kusawazishia zipige nyotamkia ikishazama. Dakika za machweo si za kazi hiyo.

Na usiwaalike shule nzima wiki tatu kabla. Nyotamkia ISON ilitarajiwa sana mwaka 2013 na ikasambaratika ilipolipita Jua Novemba 28. Nyingine, C/2024 G3, Januari 2025, ilipoteza kitovu cha kichwa siku chache baada ya kulipita Jua, mkia ukabaki unaning'inia. Wenye kamera ndogo ndio waliopata kitu. Nakili picha mara mbili kabla ya kulala. Waambie wenyeji mnapokwenda, na njia ya kushuka gizani iangalieni kungali mchana.